Fahali Aliyeitwa Salama

Mama yangu hucheka kila nikisema nimestaafu. "Umestaafu nini na hata mvi huna?" Ni kweli, mvi sina. Nina miaka thelathini na tatu. Lakini kazi ya kiwandani nimeiacha na sitairudia, na sijui neno jingine la kumwita mtu kama mimi. Kwa hiyo nivumilieni nikiongea kama mzee.

Nawaandikia wadogo zangu mnaoingia kazini sasa, hasa ninyi wa Kishapu mnaoikimbia pamba kwenda kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu huko Kahama na Geita. Mnadhani mmehama kazi. Hamjahama. Mkanda ni mkanda. Ule unaozungusha karasha ni ndugu wa ule uliozungusha mashine zetu za kuchambua pamba, na yote miwili hula shati kwanza, kisha mwenye shati.

Mimi ni mwoga. Nawaambia mapema ili msije mkanidhania shujaa huko mbele. Nikifunga mlango narudi kuusukuma, nikishafika njiani narudi tena. Shule niliishia kidato cha pili. Mitambo nilijifunza kwenye simu, nikitazama video za mafundi wa nchi ambazo lugha zake sizijui, kwa hiyo nilitazama mikono yao tu. Nikiona fundi mwenye vidole vyote, namwamini. Nikiona amepungukiwa kimoja, namtazama kwa makini zaidi, maana huyo ana la kusema.

Sauti za mashine, lakini, nilifundishwa na mtu. Aliitwa Mabula, mwendeshaji wa mashine namba tatu, mtu mrefu mwenye mzaha mwingi. Mimi nikimwita Kaka Mabula, yeye akiniita Fundi wa Simu. Siku yangu ya kwanza alinifumba macho kwa kiganja chake, akaniambia nisikilize.

"Unasikia nini?"

"Kelele, kaka."

"Kelele ni za sokoni. Sikiliza tena."

Ilinichukua karibu msimu mzima kusikia alichokuwa anasikia yeye. Pamba kavu hulia kwa sauti moja iliyonyooka. Pamba iliyomwagiwa maji haipigi kelele, inakoroma. Na ninyi watoto wa wakulima mnajua inavyomwagiwa maji ili ivute uzito mizanini. Wengine mmetumwa ndoo. Jiwe likiwa ndani, kuna mlio mmoja mdogo, kama mtu aliyegusa sahani kwa kucha. Huo ukiusikia, usisubiri wa pili. Jiwe likikutana na msumeno wa kuchambulia pamba hutoa cheche, cheche huingia kwenye nyuzi, nyuzi hushindiliwa kwenye robota, na robota linaweza kukaa ghalani kimya likiwa na moto tumboni. Mabula alikuwa akipita ghalani kila asubuhi akiyagusa marobota kwa nyuma ya mkono, kama mama anayepima homa ya mtoto. Na ninyi fanyeni hivyo. Kiganja kimezoea joto, kinadanganya. Nyuma ya mkono haidanganyi.

Sasa nije kwenye fahali.

Meneja wetu alirudi kutoka kwenye semina moja na wazo jipya. Tulikuwa zamu mbili, ya asubuhi na ya jioni. Akasema zamu itakayomaliza msimu bila ajali hata moja itapewa fahali wa kuchinja. Zikimaliza zote mbili, fahali mmoja, karamu moja. Ikipata ajali moja tu, haipati hata kwato. Tukapiga makofi. Kwa watu wetu ng'ombe si nyama tu, mnajua. Ukimpa Msukuma bahasha atakushukuru. Ukimpa ng'ombe atakukumbuka.

Wakamfunga fahali kwenye uzio, nyuma ya ghala la mbegu, tumwone kila siku. Alikuwa mwekundu, mwenye nundu iliyolala upande. Mabula ndiye aliyempa jina la Salama. Akinamama wa kufagia walimletea mashudu, wazee walijadili ubavu wake wakati wa chakula, na kabla msimu haujafika katikati kila mtu alikwisha kujua atakula sehemu gani.

Msimu wa kwanza lilikuwa jambo jema, nakiri. Watu walivaa viatu, ingawa kila zamu ilipata ajali yake na Salama akabaki uzioni. Wa pili, ajali zikakoma ghafla, kama mvua za kwetu. Si kwamba watu waliacha kuumia. Waliacha kuumia kiwandani. Mtu alipigwa na chuma zamu ya asubuhi, jioni ukisikia, ameangukiwa na mlango wa zizi. Mama mmoja alipasuliwa goti na toroli, akaenda kutibiwa kama aliyeteleza kisimani. Kwa kumbukumbu za ofisi, watu wa Kishapu tulikuwa hodari kuliko wote tukiwa kazini, na wazembe wa kutisha tukifika majumbani.

Adhabu nazo zilikuwepo. Ukikutwa bila barakoa, unapelekwa kufagia chumba cha vumbi. Ulikuwa unafagia bila barakoa, kwa sababu ulipelekwa huko kwa kutokuwa nayo. Nililiuliza hilo kwenye mkutano. Msimamizi wa zamu yetu, Mzee Nkwabi, akaniangalia kwa upole akasema, "Shija, baba, wewe una maswali kama mtu mwenye mishahara miwili." Watu wakacheka hadi mkutano ukaisha. Wakanichagua siku ileile kuwa mwakilishi wa usalama wa zamu. Nadhani waliona kazi ya kuwa na wasiwasi apewe mtu mwenye wasiwasi wake tayari.

Na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu jambo hili mtalikuta kwenye makarasha pia, hata kama halina ng'ombe.

Kusimamisha mashine ili kuisafisha lilikuwa kosa. Zamu iliandikiwa muda uliopotea. Lakini umeme ukikatika wenyewe, hakuna wa kulaumiwa. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: uchafu wote, pamba yote iliyokwama, tuliuacha mpaka umeme ukatike. Umeme ukikatika utasikia shangwe, na watu wote wanakimbilia mashine zao, wanafungua vifuniko, wanaingiza mikono. Kinga za chuma za kufunika mikanda na misumeno zilikwisha kutolewa zamani na kuegemezwa ukutani, kwa sababu zilichelewesha kusafisha. Siku za wakaguzi zilirudishwa. Akina mama walizifuta vumbi kwanza.

Halafu kuna swichi. Swichi ya mashine nzuri huanguka yenyewe umeme ukikatika, na umeme ukirudi mashine hailii mpaka mtu aiwashe. Zetu zilikuwa hivyo hapo mwanzo. Fundi umeme aliambiwa aziunge moja kwa moja, ili umeme ukirudi kazi iendelee bila kusubiri mtu. Kwa hiyo tulikuwa tunaingiza mikono kwenye misumeno ambayo ilikuwa imelala tu. Haikuwa imezimwa.

Mimi nilinunua kufuli sokoni Mhunze. Niliona kwenye video: unazima swichi, unaifunga kwa kufuli lako, ufunguo unakaa mfukoni mwako wewe uliyeingiza mkono, si mfukoni mwa bosi. Nikatoboa kitundu kwenye kishikio cha swichi ya namba tatu. Umeme ulipokatika nilifunga, Mabula akasafisha, nikafungua. Mabula alicheka hadi akakaa chini. "Jamani, huyu amefunga umeme kama banda la kuku!" Tangu siku hiyo jina langu likawa Ng'wana Kufuli, yaani mwana wa Kufuli. Alinicheka, lakini niligundua kila umeme ukikatika alikuwa ananitafuta kwa macho kabla hajainama.

Kufuli lilidumu wiki chache. Umeme ukirudi, namba tatu ilikuwa ya mwisho kuanza, na mtu akapeleka habari. Niliandikiwa barua ya onyo kwa kuweka kwenye mtambo kifaa kisichoidhinishwa. Wakachukua kufuli, wakaziba kitundu changu kwa gundi ya chuma. Nikaenda kufagia chumba cha vumbi. Kifua nilichonacho leo kilianzia mle.

Ilikuwa msimu unaelekea ukingoni. Salama alikuwa amenenepa hadi kamba inamwachia alama shingoni. Pamba ya siku ile ilikuwa mbichi, inakoroma tangu asubuhi. Mchana umeme ukakatika, shangwe ikapigwa. Nilikuwa upande wa pili, namsaidia mama mmoja kunasua toroli. Nilimwona Mabula ananitafuta kwa macho, kisha anakumbuka kwamba sina kufuli tena. Akafungua kifuniko, akainama.

Umeme ukarudi.

Sitawaelezea sauti ile. Mabula alinifundisha sauti zote isipokuwa hiyo.

Tulipomtoa, kiganja cha kulia kilikuwa kama kitambaa kilichochanika. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye mashine, uso umekuwa wa majivu. Mtu akachota nyuzi za pamba kwa mikono miwili akazikandamiza pale, kwa kuwa nyuzi ndizo zilizokuwa karibu. Mzee Nkwabi alifika, akachuchumaa, akatazama. Kisha akafanya jambo ambalo bado naliona nikifumba macho. Akageuka kuangalia mlangoni kama kuna mtu wa ofisini.

"Nani mwenye bodaboda hapo nje?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mabula, mdogo wangu, unanisikia? Mnyororo wa plau. Ulikuwa unawafunga ng'ombe wako, mnyororo ukakubana. Sawa?"

"Mzee," nikasema, "mwezi huu nani analima?"

"Basi mashine ya kukatia majani. Shija, usinichanganye."

"Akisema ameumia nyumbani, kiwanda hakimtibu. Hata fidia hana. Mkono huu ukiharibika, amekwisha."

Niliwaangalia mmoja mmoja, watu ninaokula nao. Hawakuwa watu wabaya, naomba mnielewe. Kila mmoja alikwisha kuahidi watoto wake. Mama mmoja alikuwa analia na huku anafuta damu sakafuni kwa haraka.

Mabula mwenyewe ndiye aliyenishika suruali kwa mkono mzima. "Acha, Shija. Mkono ni wangu. Nyama ni ya wote. Sitaki niwe mimi."

Nilimpandisha kwenye bodaboda, nikakaa nyuma yake kumshikilia. Tulimpitia mkewe, Mama Kabula, akaja na pikipiki nyingine, kanga mkononi, bila viatu. Njiani nilikuwa nasali umeme ukatike dunia nzima.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja, mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimlaza Mabula, akafungua kanga ambayo mkewe alimfungia mkono, akaanza kuchomoa kwa koleo ndogo.

"Ameumia wapi?"

"Shambani," Mabula akasema. "Kwenye plau."

Nesi akaendelea kuchomoa. Uzi mweupe, anauweka kwenye sahani. Uzi mwingine, anaweka. Akaweka koleo chini, akainua kipande cha pamba ile kwenye mwanga wa dirisha, akakipeperusha.

"Mimi nimezaliwa hapa hapa," akasema. "Pamba ya shambani ina mbegu. Kwenu mnavuna iliyokwisha chambuliwa?"

Mama Kabula akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu anayekaribia kulia. Nesi hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Wewe kijana. Huyu nikimsafisha hapa nimwache, mkono unaoza. Anatakiwa hospitali kubwa, na atakwenda na karatasi yangu. Nitaandika utakachosema. Ameumia wapi?"

Mabula alikuwa ananitazama. Kichwa chake kilikuwa kinakataa, polepole, kulia na kushoto.

"Kiwandani," nikasema.

Mkono ulipona. Vidole viwili vilibaki hospitalini, vingine vinafanya kazi. Kushika kikombe anashika. Fidia ilikuja baada ya safari nyingi. Ukiniuliza kama nilifanya sawa, nitakujibu ndiyo. Ukiniuliza tena baada ya dakika tano, nitakujibu tena ndiyo, lakini nitakuwa nimekwenda kuusukuma mlango.

Wakaguzi walikuja. Safari hii hawakutazama kinga tu, walifungua na masanduku ya swichi. Kiwanda kikatozwa faini, kikalipa, kazi ikaendelea. Kinga zilipakwa rangi ya njano, zinapendeza. Fundi umeme aliyeunga swichi moja kwa moja alifukuzwa, na aliyemwagiza akahutubia mkutano kuhusu uzembe. Mabula aliandikiwa barua ya onyo kwa kuingiza mkono kwenye mtambo kinyume cha taratibu. Aliipokea akiwa na bendeji. Ilibidi mimi nimfungulie bahasha.

Na zamu yetu ya asubuhi ikapoteza fahali.

Hakuna aliyenitukana, wala kunigusa. Nilisubiri kutukanwa, ningefurahi. Lakini ninyi mnajua adhabu za vijijini kwetu, mtu akiikosea jamii. Haombwi moto wala hapewi. Mambo hayo yaliingia kiwandani bila mtu kuyaitisha. Nikikaa kwenye benchi la chakula, watu walimaliza kula. Siku ya kwanza nilimwambia Mzee Nkwabi shikamoo mlangoni. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifunga zote mbili vizuri, akainuka, akapita. Nilibaki nimesimama naingoja marahaba kama mtu anayengoja chenji.

Nimefikiri sana jambo hilo. Onyo la ofisi nililipokea, chumba cha vumbi nilikifagia. Hakuna adhabu iliyonifikia mfupani kama kusalimia mzee asiitikie. Nilikwenda kwa Mabula kusema naye, nikamkuta kwenye kigoda, anajifunza kumenya viazi kwa mkono wa kushoto. Aliniitikia. Alinipa kiti. Ndege inayokwenda kutua uwanja wa Ibadakuli ikapita juu, tukaifuata wote kwa macho kama watoto.

"Uliuokoa mkono wangu, Ng'wana Kufuli," akasema. "Watu wangu ukanipotezea. Hawaji hapa. Wanaona aibu, au wana hasira, sijui. Hawaji."

Nilimenya viazi vilivyobaki.

Zamu ya jioni ilimaliza msimu bila ajali. Siku ya kukabidhi fahali jua lilikuwa kali, hata mbwa walikuwa chini ya magari. Meneja akahutubia, picha zikapigwa. Wakamwita msimamizi wa zamu ile, Luhende, mtu wa makamo, mkimya, amchukue Salama kwa niaba ya wenzake. Luhende akaja amevaa koti. Koti zito la sufu, kwenye jua lile. Akashika kamba kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mfukoni.

Salama hakutaka kuondoka kwenye mashudu yake. Akavuta kichwa, Luhende akayumba. Ng'ombe mkubwa vile hushikwa kwa mikono miwili, kila mtoto wa kwetu anajua. Akavuta tena, Luhende akaburutwa hatua chache, watu wakaangua kicheko, "Mwachie huyo akupeleke kwao!" Mkono haukutoka mfukoni.

Nilikwenda. Nilishika kamba nyuma yake kwa mikono yangu miwili, tukaegemea nyuma pamoja mpaka fahali akatulia. Watu waliponyamaza niliona ni kwa sababu ni mimi. Shingo ya Luhende ilikuwa inatiririka jasho, na kutoka kwenye koti lile nilisikia harufu ninayoijua, ya damu na dawa ya kienyeji.

"Usiseme," akanong'ona bila kugeuka.

"Nimwambie nani, kaka? Hakuna hata anayeniitikia shikamoo."

Walichinja jioni ile. Nyumbani kwangu moshi ulifika, nyama haikufika.

Mkataba wa msimu uliofuata sikuitiwa, na hapo ndipo nilipostaafu. Sasa natengeneza baiskeli Mhunze, na vijana wa makarasha huniletea kinga za mikanda niziunge. Nazitengeneza kwa bawaba, zifunguke upesi, kwa sababu kinga inayochelewesha kazi itaegemezwa ukutani, hata ungehubiri. Na kila mmoja namuuzia kufuli. Ufunguo mmoja tu, nawaambia. Wa pili nautupa mbele yao.

Lakini bado sijamaliza kuhusu Luhende. Asubuhi iliyofuata karamu sikwenda kazini. Nilikwenda zahanati, nikakaa kwenye benchi la nje. Nesi wa miwani ya uzi alipotoka kumwaga maji akaniona.

"Wewe tena. Unaumwa nini?"

"Siumwi, mama. Namsubiri mtu."

"Ameumia?"

"Mkono wa kulia."

"Ameumia wapi?"

Niliitazama barabara ya kiwandani, nyeupe kwa pamba iliyodondoka kwenye malori. Ilikuwa tupu.

"Akija," nikamwambia, "atakuambia shambani."

Nesi akaweka beseni chini. Akafuta mikono kwenye gauni lake, akaketi kando yangu, tukaanza kumsubiri pamoja.